Kujenga au Kukarabati Maktaba ya Umma Yenye Karakana ya Jamii

Maktaba na karakana ni majirani wasiopatana. Vitabu vinataka ukimya, ukavu na hewa safi. Karakana ya jamii, yaani chumba ambamo mkazi yeyote anatengeneza au kurekebisha vitu, inatoa kelele, vumbi, joto na, siku nyingine, cheche. Hata hivyo vinaweza kukaa chini ya paa moja. Maktaba ya Fayetteville katika jimbo la New York ilianzisha huduma hii mwaka 2011, ikawa miongoni mwa maktaba za umma za mwanzo kufanya hivyo. Oodi ya Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, ina vyerehani, printa za 3D na studio kwenye ghorofa ya kati, na vitabu viko ghorofa ya juu kabisa. Ujirani huo unajengwa na kuta, mabomba ya hewa na nyaya za umeme. Anayenunua mashine kwanza na kutafuta chumba baadaye huishia na mashine iliyofunikwa turubai, kwa sababu chumba hakina pa kutolea moshi. Ndiyo maana hapa mashine zinakuja karibu na mwisho.

Kuuliza watu na kupima eneo

Ukiwauliza wakazi wanataka mashine gani, watataja printa ya 3D, maana ndiyo waliyoiona kwenye simu. Waulize wanatengeneza nini, wanarekebisha nini, na kazi gani huiacha njiani kwa kukosa kifaa. Majibu yakijaa nguo na mikoba, unahitaji meza pana za kukatia na pasi kabla ya kitu kingine chochote. Yakijaa redio, taa na baiskeli, unahitaji jiriwa, multimita (kipima umeme) na vifaa vya kulehemu kwa risasi.

Kwa makadirio ya mwanzo, tenga mita za mraba 2.5 kwa msomaji mmoja wa mezani, na 4 hadi 5 kwa mtu mmoja anayefanya kazi karakanani. Kundi la watu 10 linatosha kwenye chumba cha mita 6 kwa 8. Kisha ongeza robo ya eneo hilo kwa ajili ya stoo. Stoo husahaulika karibu kila mara, halafu kazi za watu zisizokamilika zinaanza kulala juu ya meza, chini ya meza na hatimaye mlangoni. Rafu zenye visanduku vya plastiki vya ukubwa mmoja, kila kimoja na jina na tarehe ya mwisho ya kuchukuliwa, humaliza ugomvi huo.

Meza za kukalia ziwe na kimo cha sentimita 75, za kusimamia karibu 90. Angalau moja iwe na nafasi tupu chini yake ili kiti cha magurudumu kiingie. Milango iwe na upana wazi wa sentimita 90, kuwe na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti, na njia ya mteremko isizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu.

Sakafu ndiyo inayoamua vitabu vikae wapi

Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu ina uzito wa kilo 30 hadi 40. Kabati la rafu la pande mbili lenye upana wa sentimita 90 na ngazi 6 kila upande lina karibu mita 11 za vitabu. Pamoja na chuma chake linafika kilo 450, na limesimama juu ya eneo la nusu mita ya mraba tu. Sakafu ya ghorofa ya ofisi kwa kawaida hubuniwa kubeba kilonewtoni 2.4 hadi 3 kwa mita ya mraba (kilonewtoni 1 ni uzito wa karibu kilo 100). Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka 7.2 kwa vyumba vya rafu za vitabu, na za Ulaya zinataka 7.5. Kabati zinazosukumwa kwenye reli, zile zisizo na njia katikati, huhitaji karibu mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo jengo la ofisi au duka linalogeuzwa maktaba lisipangiwe rafu kabla mhandisi wa miundo hajakagua boriti na unene wa zege. Sakafu isipotosha, weka rafu ghorofa ya chini, au zifupishe hadi ngazi 3 na uongeze nafasi kati yake. Dalili ya kosa huanza kwa unyenyekevu: milango ya karibu inagoma kufunga, na nyufa nyembamba zinatokea kwenye plasta ya ghorofa ya chini.

Karakana nayo ina uzito wake, ila tatizo lake kubwa ni mtikisiko. Iweke juu ya sakafu iliyolazwa moja kwa moja ardhini ukiweza. Sakafu yenyewe iwe zege lililopakwa dawa ya kuziba vinyweleo au vinaili nene. Zulia libaki upande wa wasomaji. Sinki la karakana lisiwe juu ya chumba cha vitabu hata kama fundi bomba atakuapia. Bomba huvuja siku ambayo jengo limefungwa.

Kupanga vyumba kwa ngazi za sauti

Panga kutoka mlango mkuu kuelekea ndani: mapokezi na magazeti, watoto, karakana, kompyuta, rafu, na mwisho kabisa chumba cha kimya. Karakana ikiwa karibu na lango la mizigo, mizigo haipiti katikati ya wasomaji. Bamba la plaiwudi lina sentimita 122 kwa 244. Linapita mlango wowote likiwa limesimamishwa kwa ubavu, lakini hukwama kwenye kona ya ujia mwembamba, kwa hiyo pima kona.

Weka dirisha la kioo kati ya karakana na dawati la mkutubi. Mhudumu mmoja aone pande zote mbili bila kuinuka. Dirisha hilo pia ndilo tangazo bora la karakana, kwani wapita njia huona kazi zinavyofanyika. Tumia vioo viwili vya unene tofauti, kwa mfano milimita 6 na 10, kwa sababu vioo vya unene sawa hupitisha mlio uleule kwa pamoja.

Kelele

Chumba cha kusomea kizuri hubaki chini ya desibeli 35 hadi 40. Printa ya 3D hutoa takribani 50, mashine ya kunyonya vumbi hufika 80, na msumeno wa meza huvuka 95. Msumeno wa meza, kwa maoni yetu, hauna nafasi katika maktaba ya umma: unataka mita 2.5 mbele na 2.5 nyuma, unakata vidole, na kazi zake nyingi zinaweza kufanywa na muuza mbao kabla bamba halijafika.

Ukuta wa karakana unaofanya kazi una tabaka mbili za jipsamu za milimita 12.5 kila upande, fremu ya chuma ya milimita 70 au zaidi, na pamba ya mawe katikati. Ukuta wa tofali la sentimita 15 uliopigwa plasta pande zote mbili pia unafaa. Makosa yanayouharibu ni haya:

1. Ukuta unaishia kwenye dari ya kuning'inia. Sauti hupanda, hupita juu na kushukia kwa wasomaji. Ukuta ufike hadi zege la juu, na ufa wa kukutania uzibwe kwa silikoni isiyokauka ikawa ngumu.
2. Soketi za pande mbili zinagongana mgongo kwa mgongo. Ziachane kwa sentimita 60 au zaidi.
3. Uwazi unadharauliwa. Tundu la asilimia 1 tu ya eneo la ukuta huushusha ukuta mzima hadi kuzuia desibeli 20, hata uwe mnene namna gani. Ufa wa sentimita 2 chini ya mlango ni karibu asilimia 1 ya mlango wenyewe.
4. Mlango ni mwepesi. Tumia mlango uliojaa, wa milimita 45, wenye mpira pande zote na ulimi unaoshuka chini unapofungwa. Pakipatikana nafasi, weka milango miwili yenye ukumbi mdogo katikati. Ukumbi huo pia hunasa vumbi la viatu.

Kompresa ya hewa ikae nje ndani ya kibanda chenye tundu za kupoza, na mashine zinazotikisika ziwe juu ya vipande vya mpira.

Hewa na vumbi

Kosa la hapa halionekani wala halisikiki, kwa hiyo hudumu miaka. Vumbi la mbao limeorodheshwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Likitoka karakanani hutua juu ya vitabu, huvuta unyevu, na kuvu huanzia hapo.

Kanuni ya kwanza: hewa itembee kutoka maktabani kwenda karakanani, kamwe isirudi. Feni za karakana zitoe hewa nyingi kidogo kuliko inayoingizwa, ili mlango unapofunguliwa hewa ivutwe ndani. Karakana isishiriki mabomba ya kiyoyozi na vyumba vya vitabu.

Kisha hesabu. Chumba cha mita 6 kwa 8 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 144. Ukitaka hewa ibadilishwe mara 6 hadi 10 kwa saa, feni itoe mita za ujazo kati ya 864 na 1,440 kwa saa. Mashine ya kukatia kwa leza ya ukubwa wa kati peke yake huhitaji kutolewa hewa ya mita za ujazo 500 hadi 1,000 kwa saa. Hewa hiyo lazima ipate pa kuingilia. Bila tundu la kuingizia lenye kichujio, feni inazunguka kwa nguvu zote na moshi unabaki ndani, au milango inakuwa mizito kufungua. Na kama chumba kinapozwa, jua kwamba unalipia umeme wa hewa baridi kisha unaitupa nje. Washa feni ya leza wakati wa kukata tu, na dakika chache baadaye.

Feni ya leza ifungwe mwisho wa bomba, upande wa nje ya jengo. Hivyo bomba lote la ndani linakuwa katika mvuto, na likitoboka hewa huingia badala ya moshi kutoka. Feni ikifungwa karibu na mashine, kila kiungo kinachovuja kinamwaga moshi chumbani. Tumia bomba la bati laini la milimita 150 lenye mikunjo michache. Bomba la plastiki lenye mikunjo-mikunjo hujaa masizi na hupunguza mvuto. Mdomo wake uwe mbali na madirisha na matundu ya kuingizia hewa.

Kwa mbao, nyonya vumbi penye mashine yenyewe, kwa kifyonzaji chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini sana. Usifagie pakavu, wala usipulizie vumbi kwa kompresa. Printa za 3D zitumie uzi wa plastiki aina ya PLA pekee, tena ndani ya makabati. Plastiki aina ya ABS hutoa mvuke wa staireni, ambao ni wa sumu. Printa za resini, zinazochapa kwa plastiki ya majimaji, ziachwe mpaka pawe na chumba chao, kwa kuwa resini mbichi inaweza kuipa ngozi mzio usiotoka tena, na kuoshea kwake hutumia pombe inayoshika moto.

Upande wa vitabu, unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 55. Ukivuka 65 kwa siku kadhaa, kuvu huamka. Rafu ya chini iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu, na kabati zisiguse ukuta wa nje. Acha sentimita 5 hadi 10 za kupitisha hewa. Mahali penye mchwa, rafu ziwe za chuma.

Umeme na mwanga

Kwa umeme wa volti 230, saketi ya ampea 16 hubeba wati 3,680, na kwa matumizi ya muda mrefu usizidishe asilimia 80 ya hapo, yaani karibu wati 2,900. Pasi moja hula hadi 2,200, mashine ya kubandika picha kwenye fulana 1,500 hadi 1,800. Zikiwa saketi moja, breka inaweza kuruka katikati ya somo. Cherehani hula karibu 100 tu na printa ya 3D mia chache, kwa hiyo vyerehani kumi na printa mbili vinaweza kushirikiana saketi bila shida. Vifaa vya kupasha joto vipangie saketi zake.

Kila soketi ya karakana ilindwe na breka ya kuhisi uvujaji wa miliampea 30, nyaya za ardhi zipimwe na fundi mwenye leseni, na kitufe chekundu cha kuzima mashine zote kiwe karibu na mlango. Kitufe hicho kisizime taa. Mtu aliyeumia gizani anaumia mara ya pili. Soketi za kuning'inia kutoka darini, mita 2 kutoka sakafuni, huondoa nyaya za kukanyagwa. Usitegemee kamba za kuunganishia.

Mwanga: lukisi (kipimo cha mwanga) 500 kwenye meza za kusomea, 200 kwenye migongo ya vitabu hadi ngazi ya chini kabisa, 750 kwa ushonaji na kazi ndogondogo. Safu za taa ziende sambamba na njia kati ya rafu, la sivyo rafu za chini zinabaki gizani.

Moto

Ndani ya karakana tumia vigunduzi vya joto, kwa sababu vya moshi vitalia kila mtu anapolehemu, na baada ya wiki mbili mtu atavifunika mfuko. Vya moshi viwekwe kwenye ujia na vyumba vya vitabu. Ukuta na mlango kati ya karakana na rafu vistahimili moto kwa dakika 60. Weka mtungi wa kaboni dioksaidi karibu na leza na mwingine wa povu au maji kwa ajili ya mbao na karatasi, yote kwenye njia ya kutokea.

Matambara yenye mafuta ya kitani hujipasha joto yenyewe na kuwaka saa kadhaa baadaye. Yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko na kutolewa nje kila jioni. Betri za lithiamu zichajiwe juu ya rafu isiyoungua, watu wakiwapo, kamwe si usiku.

Jengo la zamani

Kabla ya nyundo ya kwanza, mtaalamu achukue sampuli za mabati ya saruji, vigae vya sakafu na mfuniko wa mabomba kutafuta asbestosi, na rangi za kale kutafuta risasi. Zikipatikana, kazi hiyo inafanywa na wenye ujuzi huo peke yao. Kisha tafuta chanzo cha kila doa la unyevu. Rangi mpya juu ya ukuta mbichi ni pesa iliyotupwa.

Vitabu vihamishwe kwa mpangilio wa rafu, katika maboksi yasiyozidi kilo 15, kila boksi likiwa na namba ya kuanzia na ya kuishia. Pima jumla ya mita za vitabu kabla, ili rafu mpya zisipungukiwe. Acha robo ya kila rafu wazi kwa vitabu vijavyo. Na panga huduma ya muda. Maktaba ya Martin Luther King Jr. mjini Washington, kazi ya msanifu majengo Mies van der Rohe iliyofunguliwa mwaka 1972, ilifungwa kwa ukarabati mwaka 2017 ikafunguliwa tena Septemba 2020 ikiwa na karakana na studio ndani yake. Wasomaji waliokosa pa kwenda kwa muda kama huo huwa wamezoea kukosa.

Zege jipya hukauka polepole: milimita 1 kwa siku katika hali nzuri, kwa hiyo sakafu ya sentimita 5 inahitaji karibu wiki 7. Bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 45 kwa 45 sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe, acha usiku kucha, saa 16 au zaidi. Pakiwa na matone au doa jeusi chini yake, vitabu visirudi.

Vifaa vya kuanzia

Kwa kundi la watu 10, anza na vyerehani 4 vya aina moja, overloki 1, pasi 2, vifaa 4 vya kulehemu vyenye kurekebisha joto, multimita 4, drili 2 za betri, jiksoo 1, jiriwa 4, na seti 2 za bisibisi, koleo, tupa, misumeno ya mkono na patasi. Printa za 3D ziwe 2 za aina ileile. Moja ikiharibika, unajua ni kipuri gani kwa kulinganisha na nzima. Leza ije mwaka wa pili, hewa ikishathibitika.

Ukutani, chora kivuli cha kila kifaa mahali pake, na jioni kilichopotea kinajitaja. Sindano za cherehani zibadilishwe kila baada ya saa 8 za kushona, namba 80 kwa pamba nyepesi na 90 kwa vitambaa vya kati. Uzi wa PLA utunzwe kwenye sanduku lenye chembe za silika za kunyonya unyevu, kwani ukinywa unyevu hutokota ndani ya pua ya printa na kazi inatoka na manyoya. Weka kikomo cha saa 3 kwa kila uchapaji, la sivyo mtu mmoja anakamata mashine siku nzima.

Leza isikate PVC (plastiki ya mabomba ya maji) wala ngozi bandia ya vinaili. Hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma mapafu na kuitia kutu mashine yenyewe. Ukitilia shaka kipande, pasha waya wa shaba uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe kwenye mwali. Mwali ukigeuka kijani, plastiki ina klorini. Fanya jaribio hilo nje. Na leza haiachwi peke yake ikiwa inakata, hata dakika moja.

Gawa vifaa kwa rangi tatu: kijani kwa kila mtu, njano kwa aliyepewa somo, nyekundu kwa anayesimamiwa. Rangi hiyo ibandikwe kwenye kifaa chenyewe, na kadi ya uanachama ionyeshe mtu amefika wapi. Watoto wawe na idhini ya mzazi au mlezi. Tenga kila mwaka asilimia 10 hadi 15 ya thamani ya vifaa kwa matengenezo na vipuri, na mlipe mtu anayesimamia. Karakana inayotegemea kujitolea peke yake hufungwa msimu wa mitihani.

Kupima kabla ya kufungua

1. Washa kifyonzaji na drili kwa pamoja, funga mlango, kaa chumba cha kimya na kipima sauti. Ukisoma zaidi ya desibeli 40, tafuta uwazi kwanza kabla ya kuongeza tabaka la ukuta. Zima taa upande mmoja uone mwanga unapopenya.
2. Fungua mlango wa karakana sentimita 2, shikilia ukanda wa karatasi laini kwenye ufa. Uelekee ndani ya karakana. Ukielekea maktabani, punguza hewa inayoingizwa karakanani au ongeza kasi ya feni.
3. Washa pasi zote na mashine za joto kwa dakika 30, kisha fundi aguse na kupima joto la soketi na breka.
4. Bonyeza kitufe chekundu. Kila mashine izime, taa zibaki, na mashine zisijiwashe zenyewe kitufe kinaporudishwa.
5. Rekodi unyevu wa vyumba vya vitabu kwa siku 14 mfululizo. Ukitulia kati ya asilimia 40 na 55, anza kurudisha maboksi, ukianzia rafu zilizo mbali zaidi na karakana. Miezi mitatu baadaye pitisha kitambaa cheupe juu ya vitabu vya rafu ya karibu zaidi. Rangi ya mbao ikionekana, badilisha vichujio na ukague mpira wa mlango.